Lugha ya Kazi ni Silaha, Isigeuke Mtego

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kilichojikwaa huuma siku mbili kikapona. Bali ulimi uliojikwaa, hasa ulimi wa mtu aliyepewa madaraka na mavazi ya serikali, waweza kumwangamiza asiye na hatia kabla mwenyewe hajatambua alilolitamka. Leo twapenda kuzungumza na askari wetu, wa jeshi na wa polisi, juu ya jambo hili la ulimi, na mfano wetu tutauchukua mahali ambapo huenda wengi hawakutarajia: katika mashindano ya magari.

Mwaka mmoja tulisimama kando ya barabara ya vumbi, katika wilaya moja ya mashariki ya nchi yetu ya Uganda, kuyatazama magari ya mashindano yakipita. Watu walikuwa wengi. Watoto walipanda miti, na wauza mahindi ya kuchoma walikuwa wamekwisha kuweka majiko yao. Barabara ilikuwa imefungwa kwa kamba, na penye kamba hiyo palisimama konstebo mmoja kijana, safi wa sare na mwenye nidhamu ya kupendeza. Gari moja likapita kwa kasi huku likipiga king'ora. Baada ya dakika chache akaja msimamizi mmoja wa mashindano juu ya pikipiki, akapunguza mwendo, akamwambia yule konstebo, "Sifuri imepita," kisha akaenda zake.

Konstebo akafikiri kidogo. Sifuri, kwa kadiri alivyofundishwa shuleni, maana yake ni hakuna kitu. Kama ni sifuri, basi hakuna gari tena. Akaishusha kamba. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mtungi wa maji kichwani, ambaye alikuwa amengoja kwa saa nzima, akaanza kuvuka. Hapo mzee mmoja fundi wa magari akapiga ukelele kutoka katika umati: "Mrudishe! Mrudishe! Sifuri ndiyo ya mbele!" Konstebo akaruka, akamshika mama yule mkono na kumvuta. Mtungi ulianguka. Hazikupita sekunde nyingi ila gari la kwanza la mashindano likatokeza kwenye kona, likirusha mawe na vumbi, likapita mahali pale pale alipokuwa mama yule.

Mkubwa wake alipokuja kuuliza, kijana alisimama wima akajibu, "Afande, niliambiwa sifuri imepita." Hakuwa na jibu jingine, wala halikuwako jingine lililokuwa kweli zaidi ya hilo.

Tuulize sasa: kosa lilikuwa la nani? Je, konstebo alikuwa mjinga? La hasha. Je, msimamizi alisema uwongo? Hakusema uwongo hata kidogo. Katika lugha ya watu wa mashindano ya magari, sifuri ni gari la wasimamizi linalotangulia mbele ya washindani ili kuhakikisha kwamba njia imefungwa, watu wamekaa mahali salama, na wapima muda wako tayari. Mara nyingi hutangulia kwanza gari lenye sifuri mbili, kisha lenye sifuri moja. Likipita lenye sifuri moja, maana yake ni kwamba mashindano yenyewe yamekwisha kukaribia, wala hapana ruhusa ya kiumbe chochote kukanyaga barabara. Mwisho kabisa, baada ya mshindani wa mwisho, hupita gari la kufagia, yaani la kukusanya waliokwama; na hilo likipita ndipo njia ifunguliwe. Kwa hiyo neno moja lilimaanisha hatari kwa aliyelisema, na likamaanisha usalama kwa aliyelisikia. Baina ya maana hizo mbili alisimama mama mwenye mtoto mgongoni.

Kila kazi ina lugha yake. Wavuvi wanayo, wahunzi wanayo, waganga wanayo, na askari wanayo kuliko wote. Hatuandiki haya kuilaumu lugha ya kazi. Kinyume chake, twasema kwamba lugha ya kazi ni silaha njema, na kama ilivyo kwa silaha yoyote, ina namna ya kushikwa, ina mahali pa kutumiwa, na ina mahali pa kufungiwa. Wenzetu wa magari wanaweza kutufundisha yote matatu.

Tuanze na wema wake. Mwaka 1955, tarehe 1 Mei, Mwingereza Stirling Moss alishinda mashindano ya Mille Miglia huko Italia, njia ya karibu kilomita 1,600 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi Brescia. Aliendesha Mercedes-Benz 300 SLR yenye namba 722, kwa kuwa aliondoka saa 1 na dakika 22 asubuhi. Alitumia saa 10, dakika 7 na sekunde 48, kwa wastani wa kilomita zaidi ya 157 kwa saa, katika barabara za kawaida zenye miji, madaraja na milima. Ubavuni pake aliketi mwandishi wa habari, Denis Jenkinson, mtu mfupi mwenye ndevu nyingi. Kabla ya siku hiyo wawili hawa walikuwa wameipitia njia ile mara kadhaa na kuandika kila kona ya hatari, kila tuta na kila mgongo wa barabara ambao nyuma yake dereva hawezi kuona kitu. Maandishi yote yaliwekwa katika ukanda mmoja wa karatasi wenye urefu wa zaidi ya mita 5, uliozungushwa ndani ya kisanduku chenye kioo. Na kwa sababu ngurumo ya injini haikuruhusu sauti ya mtu kusikika, Jenkinson alizungumza na Moss kwa ishara za mkono walizokubaliana. Ishara ilipomwambia kwamba ng'ambo ya kilima njia imenyooka, Moss alikanyaga mafuta bila kupunguza, ijapokuwa macho yake yaliona mbingu tu.

Fikiri, msomaji, ni imani ya namna gani hiyo! Dereva anayatia maisha yake katika mkono wa mwenziwe, na mkono ule unasema neno moja tu. Imani hiyo haikutoka mbinguni. Ilitokana na kazi ya kuandika, kusahihisha na kukubaliana maana mapema, wakati mambo yangali matulivu.

Siku hizi katika mashindano ya njia ndefu mwelekezi huongea na dereva kwa simu ya ndani ya kofia, naye husoma daftari alilolitayarisha pamoja na dereva. Katika mashindano makubwa huruhusiwa kuipitia njia mara mbili kwa mwendo wa taratibu kabla ya siku yenyewe. Mara ya kwanza dereva hutaja anachokiona na mwelekezi huandika. Mara ya pili mwelekezi husoma na dereva husahihisha. Waingereza wa magari huiita kazi hii kwa jina walilolichukua jeshini, lile lile la upelelezi wa njia kabla ya kikosi kupita. Kwa hiyo askari asidhani kwamba anafundishwa jambo geni. Anaonyeshwa mtoto wake aliyekulia nyumba nyingine.

Na lugha yenyewe ikoje? Kona hupewa upande na namba. Kushoto au kulia, kisha namba ya ukali wake. Baina ya kona na kona hutajwa mita. Huongezwa maneno machache: inabana, inafunguka, ndefu, usikate, kilele, maji. Basi mwelekezi husema kwa pumzi moja: "Mia, kushoto nne inabana, hamsini, kilele, kulia mbili, usikate." Asiyezoea atadhani ni mtu anayehesabu mbuzi usingizini. Lakini dereva amekwisha kujua kwamba mbele yake mita 100 iko kona ya kushoto ambayo mwanzo wake unadanganya. Kisha, baada ya mgongo wa barabara asioweza kuona ng'ambo yake, iko kona kali ya kulia ambayo ndani yake pana jiwe au mtaro. Maneno hayafiki kumi na matano, na ndani yake mna maisha ya watu wawili. Wala mwelekezi hayasemi mapema mno yakasahauliwa, wala hayacheleweshi yakakuta gari limekwisha kuingia shimoni.

Hapo tumeona sifa nne za lugha njema ya kazi. Ni fupi. Ina maana moja tu kwa wale wanaoitumia. Imejaribiwa njiani kabla ya siku ya hatari. Na husemwa kwa wakati wake. Amri yoyote ya kijeshi, ripoti yoyote ya redio ya upepo, onyo lolote la askari wa barabarani, lau lingekuwa na sifa hizi nne, tungezika watu wachache zaidi.

Lakini sasa tuutazame upande wa pili, maana sarafu haina uso mmoja. Namba zile za kona hazifanani kila mahali. Kwa madereva wengi namba 1 ni kona kali sana, na namba 6 ni kona nyepesi ya kupita kwa kasi. Kwa wengine mambo yamepinduliwa: 1 ndiyo nyepesi na 6 ndiyo kali. Hapana ubaya maadamu dereva na mwelekezi wake wamekubaliana. Lakini mchukue mwelekezi wa gari hili umtie katika gari lile bila ya kuulizana, kisha mwambie asome. Atasema "kulia moja" akikusudia kuonya, na dereva atasikia "kulia moja" akakanyaga mafuta. Wote wawili ni mabingwa, wote wawili wanasema kweli, na wote wawili watakutwa bondeni.

Jambo hili si la magari peke yake. Polisi wa Marekani kwa miaka mingi walitumia namba fupi katika redio zao, zinazoanza kwa kumi, ambazo zilianza kutungwa mwishoni mwa miaka ya 1930 redio zilipokuwa chache na dhaifu. Kila mji uliongeza namba zake kwa kadiri ulivyopenda. Siku vikosi vya miji mbalimbali vilipokutana katika maafa makubwa, ilionekana kwamba namba ile ile ilimaanisha jambo moja kwa kikosi hiki na jambo jingine kwa kikosi kile. Tangu mwaka 2006 serikali kuu ya nchi hiyo imevitaka vyombo vinavyoshirikiana katika maafa vizungumze maneno ya wazi badala ya namba za kila kituo. Nchi yenye redio nyingi ililazimika kujifunza upya kusema: mtu ameumia, leteni gari la wagonjwa.

Na tusisahau Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa hicho cha Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana ardhini penye ukungu, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa maneno yasiyo wazi baina ya rubani na mnara wa kuongozea ndege. Mmoja alisema maneno yanayoweza kueleweka kwamba tayari anaruka, au kwamba angali amesimama akingoja. Mwingine akajibu kwa neno la kukubali lisilokuwa na uhakika. Baada ya msiba huo kanuni za lugha ya marubani zilikazwa, na neno la kuruka likahifadhiwa, lisitajwe ila ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Watu 583 ni zaidi ya nusu ya batalioni nzima. Ni vema kila afande akae na hesabu hiyo usiku mmoja.

Basi magonjwa ya lugha ya kazi ni matatu. La kwanza ni neno kuwa na maana mbili ndani ya kazi moja, kama zile namba za kona. La pili ni neno kutoka nje ya nyumba yake na kupewa mtu asiyefundishwa, kama ile sifuri. Na la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo baya kuliko yote kwa kuwa ni la makusudi, ni neno kutumiwa kama ua la miiba: kujifaragua, kumdharau mgeni, au kuficha uzembe.

Tunawajua mashabiki wa magari ambao hawajashika usukani wa gari la mashindano hata mara moja, lakini ukikaa nao watakumiminia maneno ya kigeni mpaka ujione huna haki ya kupenda mchezo huo. Huyo ni mgonjwa mdogo, nasi twamcheka. Lakini askari akiupata ugonjwa huo, kicheko hukoma. Mwananchi anakuja kituoni kulalamika, anajibiwa kwa vifupisho na namba za vifungu asivyovijua, anaondoka akidhani kesi yake imekwisha kumbe haikuandikwa. Dereva wa lori anasimamishwa, anaambiwa kosa lake kwa maneno matatu ya kigeni, na kwa kuwa haelewi, anatia mkono mfukoni. Tuseme wazi: pale ambapo mwananchi haelewi lugha ya askari, ndipo rushwa hupata mahali pa kuketi. Askari mwaminifu hana sababu ya kuogopa kueleweka.

Hata ripoti zetu zina ugonjwa huu. Mara ngapi tumesoma katika taarifa za ajali kwamba gari "lilipoteza mwelekeo"? Gari halina akili ya kupoteza mwelekeo. Ama tairi ilipasuka, ama breki zilikataa, ama dereva alisinzia, ama aliingia kona kwa mwendo mkubwa, ama alimkwepa mtoto. Mwelekezi wa gari la mashindano angeandika katika daftari lake kwamba kona ile "ilipoteza mwelekeo", dereva wake angemshusha njiani. Ripoti iliyoandikwa vizuri ndiyo inayoonyesha kwamba kona fulani imeua watu watatu kwa sababu inabana katikati na hakuna kibao. Ripoti iliyoandikwa kwa maneno ya kujificha huiacha kona hiyo ingojee wa nne.

Sasa tuje kwenye jambo la Kiswahili, kwa kuwa hatuwezi kusema juu ya lugha ya askari wa Afrika Mashariki bila ya kukitaja. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902, kilikusanya watu wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili kilichorahisishwa, ambacho watu walikiita Kikeya. Kilikuwa kigumu masikioni mwa watu wa pwani, lakini kilifanya kazi. Kutoka katika maisha yale ya kambini tumerithi kuruta, gwaride, koplo na sajini, maneno ya Kiingereza yaliyovishwa nguo zetu; na afande, lililosafiri kutoka Kituruki. Nchini Tanzania, jeshi jipya lilipoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya gwaride, na hadi leo "mguu pande" na "mguu sawa" ni maneno ambayo hata mtoto wa shule anayajua. Hapa Uganda majeshi yetu yamezungumza Kiswahili tangu zamani, na mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya taifa.

Wako wanaosema kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo ya kasi na mitambo. Kwamba neno la Kiingereza ni fupi na la ulimwengu wote. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa kuwa ufupi ni sifa ya kweli, kama tulivyoonyesha. Lakini na tuutazame tena mchezo wa magari. Mfaransa Sébastien Loeb, aliyekuwa bingwa wa dunia mara tisa mfululizo tangu mwaka 2004 hadi 2012, alisomewa njia na mwelekezi wake Daniel Elena kwa Kifaransa. Hakuna aliyewaambia kwamba kona za dunia hazisikii Kifaransa. Mtu katika hatari huelewa upesi zaidi lugha anayoiota usingizini. Na ufupi hautokani na lugha, bali hutokana na mapatano. "Inabana" si neno refu kuliko lile la Kiingereza. "Usikate" ni neno moja, na ndani yake mna kitenzi, katazo na anayekatazwa.

Wala hatusemi kwamba kila neno la kigeni lifukuzwe. Watu wa magari wenyewe hukopa bila aibu. Mashindano ya Safari yaliporudi katika ubingwa wa dunia huko Naivasha, Kenya, mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, madereva walilalamikia vumbi laini kama unga linaloficha mashimo na kuingia katika injini, wakaliita feshi-feshi, neno lililotoka kwa Waarabu wa jangwani. Walilikopa kwa kuwa linasema jambo moja hasa, na kila mtu amekubali maana yake. Ukopaji wa namna hiyo ni wa heshima. Lililo la aibu ni kukopa neno ili kuonekana umesoma.

Safari hiyo hiyo ina somo jingine kwetu, maana ni mali ya Afrika Mashariki nzima. Ilipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia wa Uingereza, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bingwa wake aliyeshinda mara tano, Shekhar Mehta, mwaka 1973 na kisha miaka minne mfululizo tangu 1979 hadi 1982, alizaliwa hapa Uganda. Safari ya zamani ilikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, na ng'ombe, mabasi na baiskeli walikuwa na haki ya njia sawa na mshindani. Baadaye timu kubwa zikaweka helikopta juu ya magari yao, na mtu wa helikopta akamwonya dereva kwa redio. Maneno gani aliyatumia? Hayakuwa mafumbo. Kulikuwa na ng'ombe, akasema ng'ombe. Kulikuwa na lori, akasema lori. Hatari ikiwa kubwa na wakati ukiwa mchache, neno la kila siku ndilo linalokimbia kuliko yote.

Na katika mashindano ya leo iko ishara moja tunayoipenda kuliko zote. Gari likipinduka na walio ndani hawakuumia, huwaonyesha wanaokuja nyuma kibao chenye OK kwa rangi ya kijani. Wakihitaji daktari, huonyesha SOS kwa rangi nyekundu, na atakayeiona sharti asimame kusaidia, hata kama alikuwa anaelekea kushinda. Pembetatu nyekundu huwekwa barabarani angalau mita 50 kabla ya gari lenyewe. Ishara hizi hazihitaji chuo. Mkulima aliye shambani anaweza kuzielewa. Hiyo ndiyo lugha ya kazi iliyofunguliwa mlango kwa sababu uhai wa mtu umo ndani yake.

Kwa hiyo, ndugu zetu askari, twatoa mwito ufuatao, nao hauhitaji fedha wala vifaa.

Mkuu wa msafara wowote, kabla magari hayajawasha injini, na awakusanye madereva na wale wanaoketi kando yao, akubaliane nao maneno machache: neno la kusimama, neno la kupunguza mwendo, neno la hatari ya kushoto na ya kulia, neno la kwamba gari la mwisho limepita. Kisha wayarudie kwa sauti. Anayeketi kando ya dereva wa lori la jeshi si mzigo; yeye ni mwelekezi, na kama amelala, gari lina jicho moja.

Vikosi viwili vinapofanya kazi pamoja, polisi na jeshi, au sisi na majirani zetu, kila kimoja kiache namba zake nyumbani, wazungumze maneno ya wazi ya Kiswahili. Na ujumbe ukipokewa, mpokeaji aseme alichokisikia kwa maneno yake mwenyewe, maana "ndiyo, afande" ni heshima lakini si ushahidi wa kuelewa.

Askari akipewa neno asilolijua, na aulize papo hapo. Kuuliza si ujinga. Tunajua kwamba katika majeshi kuuliza huogopwa, kwa kuwa mkubwa aweza kukasirika na wenzake wakacheka. Ndiyo sababu mwito huu twauelekeza kwa wakubwa kwanza. Mkubwa anayemkaripia mdogo kwa kuuliza maana ya neno amejitengenezea konstebo wa kushusha kamba.

Na mwananchi anapokuja mbele ya askari, lugha ya kazi ivuliwe kama kofia mlangoni. Aambiwe kwa maneno yake ni nini kilichotokea, ni nini kitakachofuata, na ni haki gani aliyo nayo. Huko si kushusha cheo cha serikali. Serikali inayoeleweka na mama mwenye mtungi ndiyo serikali iliyo na nguvu.

Yule konstebo wetu tulimwona tena jioni ya siku ile, mashindano yalipokwisha. Alikuwa amekwisha kumnunulia mama yule mtungi mwingine kwa fedha yake. Na alipokuwa akimkabidhi zamu mwenziwe katika barabara nyingine, tulimsikia akimwambia polepole, kwa Kiswahili kilichonyooka: "Likipita gari lenye sifuri, washindani wanakuja, usimruhusu mtu. Likipita gari la kufagia, hapo wamekwisha, fungua njia. Hebu nirudilie nilivyosema." Mwenziwe akarudia, neno kwa neno.

Hatukuwa na haja ya kuandika kitabu juu ya lugha ya kazi. Konstebo huyu alikuwa amekwisha kukiandika.